Shemeji, Jiko Limefungwa

Tulishuka stesheni ya Part-Dieu, Lyon, saa nane na dakika kumi mchana, njaa ikituuma. Shemeji yangu, ambaye ameishi Ufaransa miaka kumi na kitu, alikuwa ameniapia kwamba huu ndio mji ambao Wafaransa wenyewe hufunga safari kwenda kula. Mgahawa wa kwanza tukakuta viti vinapandishwa juu ya meza. Wa pili, mama mmoja aliyesimama mlangoni alitutazama kama watu waliokuja kudai deni, akagonga saa yake ya mkononi kwa kidole, akarudi ndani. Wa tatu hatukuuliza. Tulisoma karatasi ya mlangoni: mchana ni saa sita hadi saa nane, usiku ni kuanzia saa moja na nusu.

"Shemeji, jiko limefungwa," akasema, kana kwamba mimi sina macho. "Si nilikwambia tupande treni ya saa nne?"

"Uliniambia nimelala."

Chakula changu cha kwanza katika mji huo mkuu wa walaji kikawa mkate mrefu na kipande cha jibini, tumekaa ukingoni mwa mto Rhône, upepo unatupulizia unga wa mkate usoni. Shemeji akatoa simu akaandika: mkate, euro moja na senti kumi. Ana tabia hiyo. Kila senti inayotoka mfukoni anaiandika, na kila usiku ananisomea hesabu kama karani wa mahakama.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tano, na haikuwa na shughuli nyingine ila kula: tuanze na meza ya bei ya chini kabisa, tumalizie na ile ya vitambaa vyeupe. Nilidhani nitarudi na maoni juu ya vyakula. Nimerudi na maoni juu ya saa.

Paris tulianza kwa Bouillon Chartier, mtaa wa Faubourg Montmartre. Bouillon ni mchuzi wa nyama, na hapo ndipo biashara yote ya migahawa ilipoanzia. Neno lenyewe restaurant, kabla ya kuwa jina la mahali, lilikuwa jina la mchuzi mzito uliouzwa Paris karne ya 18 ili kumrudishia mtu nguvu. Karne iliyofuata, mwaka 1855, muuza nyama mmoja aitwaye Duval aliona wachukuzi wa soko kuu la Les Halles wanahitaji kitu cha moto cha bei nafuu, akaanza kuwauzia mchuzi na nyama ya kuchemsha. Wengine wakamwiga, na Chartier ilifunguliwa mwaka 1896.

Ukumbi ni mkubwa kama wa stesheni ya treni, una vioo vikubwa ukutani, na juu ya viti kuna vyuma vya kuwekea kofia na mizigo. Kuna na vidroo vidogo vyenye namba, ambamo wateja wa kila siku walikuwa wakihifadhi vitambaa vyao vya kufutia mikono. Huchagui wa kukaa naye. Sisi tulipachikwa na wazee wawili ambao hawakutusalimu hadi chumvi ilipohitajika. Mhudumu, kizibao cheusi na aproni nyeupe hadi magotini, aliandika oda yetu kwa kalamu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, na mwisho akajumlisha bili papo hapo kando ya doa langu la mchuzi.

Maoni yangu? Yai la kuchemsha lililomwagiwa mayonezi ni yai la kuchemsha lililomwagiwa mayonezi. Ila lile lilikuwa zuri, kiini kimebaki laini kidogo, mayonezi ina haradali ya kutosha kukuamsha. Nyama ya kuchemsha na karoti ilinikumbusha kwamba chakula cha wafanyakazi hakihitaji mapambo. Tulikaa dakika hamsini. Hakuna aliyetufukuza, lakini foleni iliyokuwa nje tuliiona kupitia mlangoni, nayo ilituona. Unapolipa kidogo vile, unakuwa umenunua kiti kwa muda mfupi, na pande zote mbili zinajua.

Kesho yake tulifanya ujinga ambao kila mgeni hufanya mara moja. Tukaingia kwenye mgahawa ulio mbele ya jengo maarufu, menyu ya lugha sita, picha ya kila sahani. Sitautaja. Nyama ililetwa dakika nne baada ya kuagizwa, na nyama ya dakika nne haijapikwa, imepashwa. Shemeji akanionesha nilichopaswa kukitafuta kabla ya kukaa: alama ya sufuria yenye paa la nyumba juu yake. Tangu mwaka 2014, hiyo ndiyo alama rasmi ya chakula kilichopikwa hapo hapo kwa vitu vibichi. Kwenye menyu ile haikuwepo hata moja. Ili kunifariji akaniambia niombe jagi la maji ya bomba, ambalo hutolewa bure kwa sheria, na nisiache bakshishi kwa aibu, kwani huduma tayari imo ndani ya bei. Maji yalikuwa mazuri kuliko nyama.

Siku ya tatu asubuhi, kabla ya kupanda treni ya Lyon, tulipanda ngazi za Gare de Lyon, stesheni ya hapo hapo Paris, kwenda kunywa kahawa Le Train Bleu, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1901 juu ya majukwaa ya treni. Dari yote imechorwa: bahari, milima, miji ambayo reli ile ilikuwa ikiwafikisha abiria. Nilikunywa kahawa shingo nimeikunja nyuma kama kuku anywaye maji. Kahawa ilikuwa ghali, dari ilikuwa bure, na ndiyo iliyotufanya tuikose treni ya saa nne. Hapa nakiri: sikuwa nimelala.

Basi, Lyon. Usiku wa siku ile ya mkate tulifika kwenye bouchon saa moja na nusu kamili, tukiwa wa kwanza mlangoni. Bouchon ndiyo aina ya mgahawa inayoupa mji huu sifa yake. Kwa Kifaransa cha leo neno hilo lina maana ya kizibo cha chupa na pia foleni ya magari, na vyote viwili vilikuwepo: meza zimebanana hivi kwamba jirani akicheka unatikisika wewe. Vitambaa vya miraba myekundu, sufuria za shaba ukutani, menyu imeandikwa kwa chaki. Sahani tatu kwa euro 29.

Mimi ni mla matumbo wa kuzaliwa, na sikujua kwamba nimekuja nyumbani kwa wenzangu. Hawa watu hawatupi kitu. Niliagiza kinachoitwa tablier de sapeur, yaani aproni ya askari mhandisi. Ni utumbo wa ng'ombe uliolowekwa kwenye mvinyo mweupe, ukapakwa chenga za mkate, ukakaangwa hadi ukawa mwekundu kama biskuti. Nje unavunjika, ndani unavutika, na pembeni kuna mchuzi baridi wa mayai na kachumbari ya siki wa kuukata mafuta. Nimekula matumbo ya kila namna, na haya nayaweka katika tatu bora. Shemeji alichukua quenelle, tonge la samaki wa mtoni aliyesagwa na kuchanganywa na unga na mayai, likafura kama mto wa kulalia ndani ya mchuzi wa kamba wa maji baridi. Nilionja. Ni laini mno kwangu. Nilikuwa kama natafuna wingu la samaki. Yeye alilipangusa sahani lote.

Mwenye mgahawa alikuwa mama wa makamo aliyepita meza hadi meza akikagua sahani. Nilipobakisha viazi aliniuliza kama ninaumwa. Lyon ina historia na akina mama kama hawa. Wapishi wanawake waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za matajiri walitoka wakafungua migahawa yao, wakaitwa "mama" fulani na "mama" fulani. Aliyevuma zaidi ni Eugénie Brazier, ambaye mwaka 1933 alikuwa na nyota tatu za kitabu cha Michelin, daraja la juu kabisa la mgahawa, katika kila mmoja wa migahawa yake miwili, nyota sita kwa mpigo, wa kwanza kufika hapo. Jikoni kwake ndiko alikopita kijana Paul Bocuse, mpishi ambaye baadaye jina lake lilibandikwa hata kwenye soko la vyakula la mji. Tulitoka saa nne na nusu usiku. Hakuna aliyetuletea bili hadi tulipoiomba, maana kule kumletea mteja bili hajaiomba ni kama kumwambia aondoke.

Mchana uliofuata ilikuwa zamu ya vitambaa vyeupe. Nyota hizo zina asili ya barabarani: Michelin ni kampuni ya matairi, na kitabu chake cha mwaka 1900 kiligawiwa bure kwa wenye magari ili wazunguke, matairi yaishe. Nyota zilianza mwaka 1926. Mpaka leo maana zake ni za msafiri. Moja, panafaa ukiwa njiani. Mbili, panafaa kuchepuka. Tatu, pafungie safari. Pahala petu palikuwa pa nyota moja, nasi tulienda mchana kwa sababu migahawa mingi ya daraja hilo huwa na menyu ya mchana ya bei nafuu kuliko ya usiku. Shemeji aliponiambia bei hiyo "nafuu" nilikaa kimya kidogo.

Tuliingia saa sita na nusu, tukatoka saa kumi na robo. Sahani saba, bila kuhesabu vitonge vya kufungulia mdomo. Kila sahani ilikuja na hotuba. Kijana mmoja mwenye sauti ya imamu wa sala ya alfajiri aliinama akatueleza karoti ilikotoka, nani aliivuna, na mpishi alikuwa anawaza nini. Karoti ya kwanza niliisikiliza kwa heshima. Kufikia sahani ya tano nilikuwa nakula kwa siri huku anaongea. Povu la sijui nini lilikuja mara mbili, na mara zote mbili liliyeyuka kabla sijaamua kama nalipenda.

Lakini nisiwe mwongo. Sahani ya nne ilikuwa njiwa, kifua chake chekundu kimekatwa vipande vitatu, na juu yake ukamiminwa mchuzi mweusi uliotokana na mifupa iliyobanikwa, ikachemshwa, ikachujwa, ikachemshwa tena hadi ndoo ikawa kikombe. Sijawahi kuweka mdomoni kitu kama kile. Vijiko vitatu tu vya mchuzi. Nilimega mkate nipanguse, nikasita, nikatazama huku na huku. Mhudumu aliniona. Akaja bila neno, akaweka kando ya sahani kijiko bapa, kimetengenezwa kwa ajili ya mchuzi peke yake.

"Shemeji, umekamatwa," akaninong'oneza.

Nilitumia kijiko, kisha nikatumia na mkate.

Kama ningeruhusiwa kununua sahani ya nne peke yake na kwenda zangu, ningetoa nusu ya ile bili nikishukuru. Nilichoshwa na zile saa, si na chakula. Kule bouchon saa tatu zilikuwa zetu, tulizijaza kwa maneno yetu. Hapa zilikuwa za mpishi, sisi tumealikwa kuzishuhudia. Wako wanaopenda hivyo, na meza ya jirani mke na mume walikuwa wakifunga macho kila tonge. Mimi najijua, sahani tatu zinanitosha.

Asubuhi ya mwisho, treni yetu ya kurudi Paris ilikuwa saa tano. Shemeji akasema kuna jambo moja bado: mâchon, mlo wa asubuhi wa wafuma hariri wa zamani, waliokuwa wakitoka kwenye mitambo yao ya kufumia baada ya kazi ya alfajiri wakitaka mlo wa kushiba, si chai. Tukapanda kilima cha Croix-Rousse, ambacho wenyeji hukiita kilima kinachofanya kazi, kwani kile cha ng'ambo, Fourvière, chenye kanisa kubwa, ndicho kinachosali. Saa tatu na robo asubuhi tulikuwa mbele ya soseji za moto, dengu, utumbo tena, na mezani kwa wenzetu chupa ile nene ya mvinyo yenye kitako kizito ya Lyon, ya sentilita 46, imeshashuka nusu. Watu wanataniana kama ni saa mbili usiku.

Saa nne kasorobo shemeji akainua mkono kuomba bili. Mwenye mgahawa akatazama sahani zetu, akatikisa kichwa, akaenda jikoni. Akarudi na bakuli la jibini laini lililochanganywa na kitunguu saumu na majani mabichi. Jina lake, akasema, ni ubongo wa mfuma hariri, na hakuna anayetoka bila kuuonja.

"Madame, treni," shemeji akasema.

"Treni zipo nyingi," mama akajibu, akaongeza mkate.

Tulifika Part-Dieu saa tano na dakika kumi na mbili. Tiketi mpya zilitugharimu zaidi ya mlo wenyewe. Jukwaani shemeji alitoa simu yake, akaandika ile gharama, na nilipochungulia nikaona ameiweka kwenye safu ya chakula.