Siku Moja Maishani Mwangu: Kuunda Trela Nyepesi ya Kulala Safarini, Hapa Nakuru

Saa 12:30 asubuhi

Ninafungua karakana yangu kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati, kwa sababu ubao wa paa unapaswa kuloweshwa, kukunjwa na kukauka kabla ya mvua ya alasiri ambayo msimu huu haikosi kuteremka kutoka upande wa Menengai. Katikati ya sakafu imesimama trela ndogo yenye umbo la tone la maji, yenye upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, yaani kipimo kile kile cha ubao mmoja mzima wa plaiwudi, na kimo cha mita 1.2 kutoka sakafu yake hadi darini. Ndani yake watalala watu wawili. Nyuma, chini ya mlango unaoinuliwa kwenda juu, kutakuwa na jiko na rafu za vyombo.

Kazi yangu huanzia kwenye mizani. Kila kipande kinachoingia kwenye trela hii hupimwa kabla hakijafungwa, na uzito wake huandikwa kwenye daftari linaloning'inia kando ya dirisha, kwa maana uzito huingia kidogo kidogo, gramu kwa gramu na skrubu kwa skrubu, mpaka siku ya mwisho mtu anajiuliza kilo 100 za ziada zimetoka wapi. Wenye trela ni walimu wawili, mume na mke, wanaoishi upande wa Njoro, na gari lao ni Toyota Probox ya CC 1500. Wanataka kwenda nayo Baringo na Hell's Gate, na kila Desemba kwao Bungoma kupitia Eldoret.

Njia hiyo ya Bungoma ndiyo inayoniamulia mambo mengi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, lakini barabara inapofika Timboroa huwa imepanda zaidi ya mita 2,700, mahali ambapo hewa imepungua kwa takribani robo ikilinganishwa na ya pwani, na injini ya kawaida isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Penye mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100, kila kilo 100 za trela huidai injini hiyo iliyokwisha kupungukiwa na pumzi nguvu ya ziada sawa na ya kuinua kilo 6, bila kuhesabu upepo na mvutano wa matairi. Kwa hiyo tumejiwekea mpaka: trela tupu isizidi kilo 240, na ikishapakiwa isizidi kilo 320. Nina hakika kwamba Wakenya wengi hawalali nje, katika nchi yenye mbuga na maziwa kama haya, kwa sababu wameaminishwa kwamba safari za namna hiyo ni za wenye magari makubwa ya kupanda milima. Gari dogo linaweza, mradi aliyeunda trela amelihurumia.

Saa 1:15

Kijana ninayemfundisha kazi amefika. Tunaweka ubao wa milimita 3 juu ya meza, tunautandikia magunia yaliyochovywa kwenye maji ya moto na kuuacha unywe. Wakati huo anakitazama kipande cha milimita 9 kilichobaki kutoka kazi nyingine na kuniambia, "Fundi, si tutumie hiki kwa paa? Kimebaki tu, na ni kigumu zaidi."

Ninamwambia akiweke kwenye mizani. Kinasoma kilo 16. Kile cha milimita 3, kabla ya kuloweshwa, kilisoma kilo 5 na nusu. Tofauti hiyo ni kama mtungi wa lita 10 uliojaa maji, na mtungi huo tungekuwa tumeufunga juu kabisa ya trela, mahali pabaya kuliko pote kuweka uzito, kwa sababu kitu kizito darini huyumbisha trela kwenye kona. Tena ubao wa milimita 9 haukubali kupinda kwenye mviringo wa mbele. Ungepasuka au ungeng'oa skrubu zote usiku mmoja.

Ugumu wa trela hii hautokani na unene wa mbao. Kuta zake ni fremu ya vipande vyembamba vya saipresi, vya milimita 25 kwa 40, na kati yake tumejaza bodi za povu gumu jeupe za milimita 25. Upande wa ndani umebandikwa plaiwudi ya milimita 3, na upande wa nje utavikwa kitambaa kizito cha pamba kilicholowa gundi na kupakwa rangi. Tabaka hizo zikishashikamana, hakuna moja inayoweza kupinda bila kuzivuta nyingine. Ukuta mmoja uliokamilika, mlango ukiwa umeshakatwa, una kilo 13 na gramu 600, ilhali ukuta wa umbo hilo hilo uliokatwa kwenye plaiwudi ya milimita 18 ungefika kilo 23 hivi, na bado usingezuia baridi ya Molo kama unavyoizuia huu wa povu.

Saa 2:30

Sasa tunaukunja. Ni lazima nyuzi za tabaka la nje la ubao zielekee upande wa upana wa trela, kutoka ukuta hadi ukuta, kwa kuwa plaiwudi hukubali kukunjika upande mmoja kwa urahisi na kuukataa upande wa pili. Kijana anashika ukingo wa nyuma, mimi ninaanzia mbele, chini kabisa, na tunaubembeleza juu ya mbavu za paa kwa viganja vilivyo wazi. Ukiusikiliza, ubao hukuambia hali yake: mlio laini wa kunyooka maana yake endelea, mlio mkavu wa kukatika maana yake simama, ongeza maji ya moto, ngoja. Kwenye mviringo wa mbele tunasimama mara mbili. Kisha tunaubana kwa mikanda ya kufungia mizigo na kuuacha ukauke ukiwa umeshika umbo, bila gundi bado, kwa sababu gundi haishiki vizuri kwenye ubao uliojaa maji.

Saa 4

Chai na mandazi, na maelezo kwa kijana aliyeuliza umbo hili lilitoka wapi. Trela za namna hii zilianza kuonekana Marekani katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea sana, kwa kuwa alumini iliyokusudiwa kwa ajili ya ndege za vita ilikuwa imebaki kwa wingi, na magazeti ya ufundi yalikuwa yakichapisha michoro ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifuata nyuma ya nyumba yake. Magari ya wakati huo hayakuwa na nguvu nyingi, na ndiyo maana zilifanywa fupi, nyembamba na za mviringo, zijifiche nyuma ya gari upepo upite juu. Shida waliyokuwa wakiitatua wao ndiyo hii hii ya mwalimu wa Njoro na Probox yake.

Saa 5 ubao umekauka. Tunaulegeza, tunapaka gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji ikishakauka kwenye kila ubavu wa paa, na kuufunga moja kwa moja, skrubu zikiwa chache. Zitaondolewa gundi ikishashika.

Saa 6:30 mchana

Mwalimu na mkewe wanafika, wanapumzika kidogo kivulini, kisha tunakula pamoja githeri. Mwalimu anazigonga kuta kwa kidole na uso wake unaonyesha shaka. "Fundi, kitambaa kweli? Kwa nini tusiivike mabati, hata mwizi aogope?"

Ni swali la haki na ninalijibu kwa kalamu. Mabati ya geji 28 yana kilo 3 na kidogo kwa kila mita moja ya mraba, na trela nzima kwa nje ina takribani mita 9 za mraba, kwa hiyo ingekuwa kilo 28. Kitambaa, gundi na rangi, vyote pamoja, havifiki hata kilo 1 kwa kila mita. Pia kitambaa hakina viungo wala matundu ya riveti ya kupitishia maji, na kikikwaruzwa hubandikwa kiraka na kupakwa rangi mahali popote. Ama kuhusu mwizi, aliyedhamiria hazuiwi na bati lenye unene wa chini ya nusu milimita. Kufuli nzuri kwenye mkono wa mbele wa kuvutia trela na mnyororo kwenye gurudumu vina kilo 3 tu na vinafanya kazi kubwa zaidi.

Mama naye anataka kujua kama usiku wa mvua anaweza kupikia ndani. Hapo sina nafasi ya kukubaliana. "Hapana, Mama. Hata chai usichemshe." Chumba hiki hakifiki ukubwa wa mita 4 za ujazo, na meko ya gesi au jiko la makaa ndani yake huweza kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko liko nyuma, nje, na mlango ukiinuliwa huwa paa la mpishi. Ninamwonyesha pia matundu mawili ya hewa tuliyoyaacha, moja chini karibu na miguu na jingine juu, yenye wavu wa mbu, ambayo hayana kifuniko cha kuyaziba kabisa. Watu wawili wakilala ndani ya sanduku lisilopitisha hewa huamka godoro likiwa limelowa kwa pumzi zao wenyewe.

Saa 8 hadi saa 9:45

Tunavika ukuta wa kushoto kitambaa. Tunapaka gundi iliyoongezwa maji kidogo, tunakitandaza, tunakivuta kutoka katikati kwenda kingoni na kukipitishia gundi tena juu yake mpaka nyuzi zote zinywe. Kazi hii haina mengi ya kusimulia, ila mapovu ya hewa yasipotolewa leo yatachomoza wakati wa rangi.

Mvua inaanza saa 9:30, na tunafunga milango ya karakana.

Saa 10 jioni

Hii ndiyo saa niliyoingojea tangu asubuhi. Fremu ya chini ni ya mabomba ya mraba ya milimita 50 yenye unene wa milimita 2, yaani kilo 3 kwa mita. Mafundi wenzangu wengi wa kuchomelea huku hawashuki chini ya unene wa milimita 3, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba chuma ni kinene mno, lakini nadhani mteja huyo hulalamikia kituo cha mafuta bila kujua chanzo. Springi na ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, zimeshikiliwa na klampu tu. Hatujachomelea chochote, maana mahali pa ekseli hapakisiwi.

Kanuni ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inapaswa kulala juu ya gari, kwenye tufe la nyuma yake ambako mkono wa trela hufungwa. Ukipungua, trela huanza kupiga mkia kwenye mwendo wa kasi, na kwenye mteremko wa Sachang'wan kuelekea Salgaa, ambao kila dereva wa huku anaufahamu, mkia ukishaanza hauna subira. Ukizidi, gari huchuchumaa nyuma na matairi ya mbele yanayogeuza njia hupoteza mshiko. Trela zenye jiko nyuma zina hatari ya aina ya kwanza, kwa sababu gesi, sufuria na unga vyote hukaa nyuma ya ekseli.

Kwa hiyo tunaipakia kama itakavyosafiri: mtungi wa gesi wa kilo 6 mahali pake, gunia la mchanga badala ya vyombo, magodoro, na mitungi ya maji badala ya mlango wa nyuma na vitu vingine ambavyo havijafungwa. Jumla katika daftari ni kilo 300. Chini ya ncha ya mkono wa kuvutia tunaweka mizani ya kupimia watu, juu ya matofali, mpaka pima maji ionyeshe kwamba trela imelala sawa kwa kimo cha tufe la Probox. Ekseli iko mita 2.6 kutoka ncha hiyo. Mizani inasoma 26, ambayo haifiki hata asilimia 9.

Tunalegeza klampu na kuisogeza ekseli nyuma kwa sentimita 10. Kijana anasoma kwa sauti: "Thelathini na sita." Hiyo ni asilimia 12 kamili. Tunatikisa trela, tunaiacha itulie, tunasoma tena, na ni 36 ile ile. Kisha ninajaza tangi la maji la lita 20, lililo chini ya kitanda, na kuitazama mizani: sindano haisogei kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa tangi limekaa juu ya ekseli hasa. Walimu wakisafiri na maji au bila maji, gari halitahisi tofauti ya kulala kwa mkono.

Saa 11:30

Tunatoa mzigo, tunachora alama kwa patasi na kuchomelea vishikizo vya springi, upande mmoja kidogo, upande wa pili kidogo, ili joto lisiipindishe fremu. Ninapima mishazari kutoka ncha ya mbele hadi kila gurudumu, na yote miwili inalingana.

Saa 12:45 ninajumlisha daftari. Vilivyofungwa mpaka sasa vina kilo 197, na vilivyobaki, yaani mlango wa nyuma, milango ya pembeni, taa, rangi na mpira wa kuzuia vumbi, nimevitengea 38. Nimempigia Mwalimu kumweleza kwamba tunabaki ndani ya mpaka wetu kwa kilo 5, na kwamba mfuko wa unga wakati wote upakiwe mbele ya ekseli, chini ya kitanda. Kesho asubuhi tutavika ukuta wa kulia, kisha nyaya za taa za breki na za kuashiria, kwa kuwa trela ni lazima ikaguliwe na kusajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ipate namba yake inayoanza na Z, kabla haijagusa barabara.