Siku moja maishani mwangu: kifaru cha karatasi na matope ya kweli

Saa 11:30 alfajiri

Nimerudi msikitini, na kabla ya chai nafungua kabati. Ndani kuna kifaru changu cha vita cha karatasi, Type 59, kipimo cha 1:25 (yaani kidogo mara 25 kuliko cha kweli), kimelala usiku kucha pamoja na soksi zilizojazwa mchele mkavu. Mchele hunyonya unyevu. Msimu wa vuli hapa Chake Chake ukiacha karatasi mezani hadi asubuhi utaikuta imelegea, na kipande chembamba kirefu kimejikunja chenyewe. Nakigonga ubavuni kwa ukucha. Kikavu, kigumu. Alhamdulillahi, maana leo lazima kiishe: kesho kinateremshwa Mkoani kupanda boti kwenda kwa mwenyewe, Unguja.

Mwenyewe alinipa sharti moja tu. Hataki kifaru cha gwaride. Anataka kifaru kilichokwenda Kagera.

Saa 1:30 asubuhi

Duka langu ni steshenari: kopi, picha za pasipoti, kulamineti vitambulisho, kuchapa barua za watu. Saa hii wanafunzi wa skuli wamejaa mlangoni, huyu kalamu, yule daftari la hesabu, mwengine shilingi mia mbili haitoshi lakini ana haraka. Kifaru kinakaa nyuma ya mashine ya kopi, hakiguswi.

Saa 3

Wateja wamepungua. Nafunga minyororo iliyobaki upande wa kulia.

Type 59 ni kifaru cha China kilichotokana na T-54 ya Kisovieti. Kina tani 36 hivi, mzinga wa milimita 100 na watu wanne ndani. Jeshi letu lilikuwa navyo katika vita vya 1978 na 1979, tangu majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi wa Oktoba hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili. Alama yake huioni kwenye mzinga, unaiona chini: magurudumu matano kila upande, na baina ya la kwanza na la pili kuna mwanya mpana kuliko mengine. Meno yanayovuta mnyororo yako nyuma. Ukikosea mwanya ule, anayejua atakwambia umetengeneza kitu chengine.

Kwa kipimo changu bodi ina urefu wa sentimita 24, na ukijumlisha mtutu unafika 36. Mifupa ya ndani ni kadibodi ya milimita moja, majalada ya madaftari magumu, imepachikwa kwa mikato inayopishana. Ngozi ya nje ni karatasi ya gramu 160. Poland wana mila ndefu ya kazi hii. Jarida lao la Mały Modelarz lilianza 1957, na mafundi wa kule ndio waliokizoesha kipimo cha 1:25 kwa vifaru vya karatasi. Sisi wengine tunafuata.

Ugumu wa karatasi ni kwamba inakubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati. Utaiviringisha itakuwa bomba, utaipinda itakuwa paa, lakini kuifanya ivimbe pande zote haikubali. Sasa kichwa cha Type 59, ule mnara unaobeba mzinga, ni chuma cha kuyeyusha, cha mviringo, hakina kona. Dawa yake ni kukikata vipande vyembamba vinavyokutana juu, kama maganda ya chungwa lililomenywa vizuri, kila kimoja kikibandikwa kwa ulimi wa karatasi kwa ndani. Mtutu una kanuni yake. Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Ipinde taratibu huku na huku, upande unaotii bila ubishi ndio wa kuviringishia. Ukiviringisha kinyume chake inavunjikavunjika, hata ukitumia kijiti cha mshikaki kilichonyooka namna gani.

Na kila ukingo uliokatwa upakwe rangi kabla ya gundi. Ule weupe mwembamba ndio unaotangaza kwamba hii ni karatasi. Vijana wengi wanaoniletea kazi zao niwatazamie wana mikono mizuri kunishinda, lakini weupe huo wanaudharau.

Saa 4:30

Uchakazaji unaanza, yaani kukifanya kionekane kimetumika. Jana nilikipiga vanishi isiyong'aa, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikisubiri mwenzake ikauke. Bila vanishi huwezi kufanya lolote linalofuata. Wino wa mashine ya tona hauyeyuki kwa maji, ingawa hupasuka kwenye mikunjo na inabidi uuguse kwa brashi. Wino wa printa ya kurushia matone huondoka pamoja na maji yako. Na karatasi yenyewe ikinywa maji huvimba, basi.

Ndiyo maana rangi ya kwanza ya uchafu siichanganyi na maji. Natumia rangi ya mafuta ya kahawia, punje tu, kwa tapentaini ya duka la vifaa vya ujenzi. Haiivimbishi karatasi. Ncha ya brashi naigusisha pembeni mwa mfuniko wa dereva, rangi inakimbia yenyewe kuuzunguka. Hivyo hivyo kwenye bawaba, misumari na mifereji ya sitaha ya injini. Ikizidi, naifuta kwa kijiti cha pamba kuelekea chini, kamwe si kwa kuzungusha.

Saa 6 mchana

Fundi wa pikipiki wa jirani kaja kutoa kopi ya kadi ya chombo. Kakiinamia kifaru muda mrefu mikono nyuma.

"Mafuta haya umeyatia wapi?"

Namwonesha: kwenye kitovu cha gurudumu, chirizi moja kwenda chini.

"Hiyo ni gari iliyosimama, bwana. Gurudumu linalozunguka likivuja linayarusha. Tazama rimu ya pikipiki yoyote hapo nje."

Tukatoka kutazama. Mafuta yametoka katikati yakaenda ukingoni pande zote, na vumbi limeyaganda. Hii ndiyo raha ya kufanya kazi sokoni badala ya chumbani: mlango wa pili kuna mtu anayeijua grisi. Chirizi moja nimeiacha, maana kifaru nacho husimama. Magurudumu mengine yamepata miale. Kopi yake sikumtoza.

Adhuhuri. Nafunga.

Saa 8

Wali na mchuzi wa changu, kisha matope.

Udongo wa Micheweni, ule mweupe wa matumbawe, hauendi Kagera. Nimechukua wetu wa huku, mwekundu, kutoka chini ya mikarafuu, nikauanika na kuutwanga. Kisha unachujwa kwa chujio la chai, halafu kwa soksi ya kike. Hesabu ni hii: punje ya milimita moja kwa 1:25 ni jiwe la sentimita mbili na nusu. Mtu akiuweka mchanga kama ulivyo, kifaru chake kimepakwa kokoto, hata akisema ni vumbi.

Nachanganya na gundi nyeupe ya mbao, maji kidogo sana. Naanza chini, tumboni na nyuma ya magurudumu, mahali ambapo mnyororo hurusha. Tabaka la zamani liwe hafifu, limepauka. Lile la mwisho liwe jeusi kidogo na linang'aa kwa unyevu. Chini ya mabawa, zile bati zinazofunika minyororo kwa juu, tope linene. Juu ya kichwa hakuna tope, ila pale mtu alipokanyaga akipanda. Wengi hulimwaga sawasawa kila mahali kisha wakaita uchakavu. Tope lazima liwe limetoka mahali, likarushwa na kitu.

Mnyororo nao unakosewa kila siku. Watu wanaupaka kutu ya rangi ya chungwa. Mnyororo unaotembea ni wa kahawia iliyoiva, na pale unapogusa ardhi chuma hung'aa kwa kusuguliwa. Kutu yangu ni ya kweli, nimeikwangua kwenye pipa la zamani, na hewa ya bahari haituachi tukaikosa. Ming'aro ni risasi ya penseli ya 4B, unasugua kwa kidole. Mpira wa magurudumu haushiki kutu, kwa hiyo unapata vumbi tu. Bomba la moshi liko kwenye bawa la kushoto, nyuma. Hapo nimeweka masizi ya sufuria ya kuni, makavu, kwa brashi laini.

Mtoto wa darasa la nne kasimama na daftari lake.

"Ami, mbona umekichafua? Kilikuwa kizuri."

Nikamwuliza viatu vyake vya skuli vinafananaje leo. Akavitazama, akacheka, akaondoka bila chenji yake. Ikabidi nimkimbilie.

Saa 10 jioni

Mvua. Barabara imekuwa tupu, nami napata somo la bure. Daladala imeegeshwa mbele ya duka. Vumbi la juu ya bodi linaoshwa, linakusanyika kwenye kona na chini ya mikanda ya dirisha, kisha linateremka kwa michirizi myembamba isiyolingana. Nayarudia hayo hayo kwenye mbavu za kichwa: nukta ndogo za rangi ya mafuta, halafu brashi yenye tapentaini kidogo, vuta chini mara moja.

Saa 12:15

Nampelekea mwenyewe picha. Anajibu upesi: kizuri sana, lakini kiongezwe matundu ya risasi. Namwandikia kwamba bamba la mbele la kifaru hiki ni karibu milimita 100, limelala kwa nyuzi 60 kutoka wima. Risasi ya bunduki huacha alama ya rangi iliyobanduka, haitoboi. Ninaweza kumpa mikwaruzo kwenye bawa na kombo moja pale kiliposugua mti. Kimya cha dakika kadhaa. "Haya, mti."

Magharibi ikaadhiniwa.

Saa 2 usiku

Kombo la mti limekauka. Nakitoboa kibao cha chini, nakifunga kifaru kwa uzi kupitia mwanya wa magurudumu, kisha ndani ya boksi la karatasi za A4 pamoja na soksi moja ya mchele. Antena sikuibandika, haitafika nzima. Imo kwenye bahasha na tone la gundi kwenye kikaratasi, na maelekezo: ibandikwe juu ya kichwa, subiri nusu saa kabla ya kugusa. Juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nene KISIPINDULIWE, na namba ya atakayekipokea bandarini.