Percy Thrillington, leo ndo nimekujua

Jamani leo mchana rafiki yangu kanitumia albamu ya zamani, jina la msanii Percy "Thrills" Thrillington, akaniambia sikiliza kwanza, usigugo.

Nikavaa hedifoni. Vayolini, matarumbeta, kwaya inafuatisha melodi, na mimi najiuliza hizi nyimbo nazijua wapi mbona, mpaka ikafika nyimbo ya Uncle Albert nikasimama kabisa. Hii si Ram, albamu ya Paul McCartney?? Yule wa Beatles!

Ndo yeye. Ram ilitoka 1971, na mwaka huohuo akamwita Richard Hewson ampangie vyombo, wakairekodi yote upya studio za Abbey Road bila yeye kuimba. Halafu akaanzisha bendi ya Wings, mzigo ukakaa hadi 1977 ukatoka kwa jina la huyo Percy, na magazetini Uingereza kukawa na vitangazo vya mizunguko ya Percy kana kwamba ni mtu kweli.

Paul alikuja kukiri 1989 kwamba Percy ni yeye. Miaka 12!

Kilichonishika ni kava. Mtu kakaa na vayolini, kichwa ni cha kondoo dume. Na ram kwa Kiingereza ndo kondoo dume, tena kwenye kava ya Ram Paul mwenyewe kamshika kondoo dume pembe. Jibu lilikuwa pale mbele ya macho ya watu muda wote.

Nampenda zaidi kwa hili aisee, mtu mwenye jina kubwa vile anaacha muziki usikilizwe wenyewe.

Nyie mngeweza kukaa na siri hivyo? Na kama kuna msanii mwingine kafanya hivi nitajieni, usiku huu nasikiliza wote.