Waya wa fedha wa nanomita 30: ukakamavu unatoka wapi?

Ndani ya fuwele ya fedha kila atomi ina majirani 12. Iliyo juu ya uso wa (100), yaani uso ulio sambamba na ubavu wa mchemraba wa fuwele, ina 8 tu. Atomi za juu zinataka kusogeleana, za ndani zinazizuia, na uso unabaki umevutika kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Kwenye waya wa kawaida hilo halionekani, ila kwenye waya wa nanomita 30 ngozi hiyo inaingia kwenye hesabu.

Inaingia kwa njia mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kuna mkazo wa uso, τ, uliopo kabla hata hujaugusa waya. Halafu kuna unyumbufu wa uso, S, yaani mkazo huo unavyobadilika uso unaporefushwa. Gurtin na Murdoch waliviweka pamoja mwaka 1975. Vyote hupimwa kwa nyutoni kwa mita, na S inaweza hata kuwa hasi.

Tupige hesabu. Kwa fedha tumia E (moduli, yaani kipimo cha metali yenyewe inavyokataa kurefushwa) ya gigapaskali 76, τ ya 0.89 na S ya 1.22. Waya wa mviringo unapopindwa, moduli inayoonekana ni E + 8S/D, D ikiwa kipenyo (ukivutwa tu, ni E + 4S/D). Kwa D ya nanomita 30, nyongeza ni gigapaskali 0.33, yaani asilimia 0.4. Hakuna kipimo cha maabara kitakachoiona!

Sasa τ. Tandaza waya huo juu ya mfereji wenye upana wa mikromita 1, ncha zote mbili zikiwa zimekazwa. Kwa kielelezo cha Young na Laplace, kinachohusisha mkazo wa uso na mpindo wake, uso unauvuta kwa kani ya 2τD, takribani nanonyutoni 53. Ukakamavu wa katikati (kani ya kuusukuma waya hapo, ikigawanywa kwa umbali unaosogea), ambao bila uso ni 192EI/L³ (nyutoni 0.58 kwa mita; L ni urefu wa waya ulio juu ya mfereji, na I hutokana na umbo na ukubwa wa mkato wa waya), unapanda kwa karibu asilimia 45. Kani hiyo hukua pamoja na D, lakini EI hukua na D⁴, kwa hiyo athari hupanda upesi kadiri waya unavyokuwa mwembamba na mrefu. Ukibadilisha upana wa mfereji na "moduli" nayo ikabadilika, ujue hupimi moduli.

Ila kuna sharti linalosahaulika mno: kani hiyo ipo tu kama waya ulikazwa kabla haujapata nafasi ya kujikunyata. Waya uliokuzwa kwenye kimiminika umeshajikunyata, takribani nanomita 1 kwa kila mikromita, na kiini chake kilichobanwa kinasawazisha uso uliovutika. Ukiulaza juu ya mfereji ndipo ukaukaza, kani halisi iko karibu na sifuri. Mvutano ukionekana, tafuta kwanza chanzo chake kwenye kimiminika kilichokauka au kwenye platini uliyoweka juu ya ncha ili kuzikaza.

Na hizo ncha zina lawama kubwa. Zikiteleza au kuinuka, 192 inashuka kuelekea 48, na E yako inatoka robo ya ile ya kweli. Kosa la nanomita 1 kwenye kipenyo cha 30 linaleta takribani asilimia 13.

Kinachoniudhi zaidi ni umbo. Nyaya za fedha zinazokuzwa kwa polioli (njia ya kukuza ndani ya alkoholi kama ethilini glikoli) zina pembe tano, lakini wengi huzihesabu kama duara. Ukichukua kimo kutoka kwenye hadubini ya nguvu za atomi, waya ukiwa umelala ubavu chini, fomula ya duara inazidisha I kwa asilimia 15. Ukichukua upana wa pembe hadi pembe, ni asilimia 40. Toa pia unene wa tabaka la polima linalobaki juu ya waya, na upime mapema kabla salfa ya hewani haijaweusisha uso.

Kwa hiyo sishangai kwamba Cuenot na wenzake, mwaka 2004, walikuta moduli ya fedha na risasi ikipanda kipenyo kinapopungua, ilhali Wu, Heidelberg na Boland, mwaka 2005, waliona moduli ya dhahabu haibadiliki huku nguvu ya kuhimili ikipanda hadi mara 100 ya ile ya dhahabu ya kawaida. Metali ni tofauti na mbinu ni tofauti. Kabla ya kuandika S kwenye ripoti, pima waya mmoja juu ya mifereji ya upana wa aina tatu, na uchore ukakamavu dhidi ya 1/L³. Mstari ukinyooka kupitia sifuri, mvutano haupo. Ukipinda kwenda juu upande wa nyaya ndefu, toa mvutano kwanza.