Muhammad Ali hakushinda kesi kwa sababu tunayoipenda

Simulizi inayozunguka ni hii: Ali alikataa kwenda Vietnam, akavuliwa mkanda, kisha Mahakama ya Juu ya Marekani ikakiri kwamba alikuwa na haki. Mwisho wake ndio wenye chumvi. Mahakama haikusema neno kuhusu vita wala ubaguzi. Ilimwachia kwa kasoro ya makaratasi.

Alijiandikisha kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini huko Louisville, Kentucky, mwaka 1960, alipofikisha miaka 18 kama kijana mwingine yeyote. Mwaka 1964 akaanguka mtihani wa jeshi: alipata 16 na kiwango cha kufaulu kilikuwa 30. Akawekwa kundi la 1-Y, yaani wa akiba ya dharura. Mapema 1966 vita ikawa inataka watu zaidi, kiwango kikashushwa hadi 15. Ali hakurudia mtihani wowote. Lilibadilika sharti, naye akajikuta 1-A, tayari kuitwa. Siku hiyo waandishi walimfuata Miami, akawajibu kwamba hana ugomvi na hao Viet Cong, wapiganaji wa Kivietnam waliokuwa wakipigana na Marekani. Pambano lake na Ernie Terrell lililopangwa Chicago likafutwa, akaenda kupigana na George Chuvalo mjini Toronto.

Sheria ilimruhusu mtu kukataa vita kwa sababu ya imani, ila kwa masharti matatu: awe anapinga vita vya aina zote, upinzani wake utokane na dini, na awe mkweli. Ali aliwasilisha ombi. Msikilizaji aliyeteuliwa, jaji mstaafu wa Kentucky aitwaye Lawrence Grauman, alimhoji Agosti 1966 na kupendekeza akubaliwe. Wizara ya Sheria ikaiandikia bodi ya rufaa ya uandikishaji jeshini kinyume chake, ikidai hakutimiza hata sharti moja kati ya matatu. Bodi ikamkatalia bila kuandika sababu. Hiyo barua na huo ukimya wa bodi ndivyo vilivyokuja kuiangusha kesi nzima miaka mitano baadaye.

Tarehe 28 Aprili 1967, Houston. Vijana wamepangwa mstari, ofisa anasoma majina, na kila anayesikia lake anapiga hatua moja mbele. Kisheria hatua hiyo ndiyo inayomgeuza raia kuwa askari. Ukishaipiga, ubishi wako unaishia mbele ya mahakama ya kijeshi. Usipoipiga, unashtakiwa kama raia. Likasomwa jina la Cassius Clay, jina la Ali la kuzaliwa, hakusogea. Wakamweka pembeni, wakamweleza adhabu: hadi miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Wakamwita tena, akabaki palepale, kisha akaandika na kutia saini kwamba anakataa. Hakukimbilia Kanada, wala hakuvaa sare ili apigane mapambano ya maonyesho kambini, kama alivyofanya Joe Louis katika Vita vya Pili vya Dunia.

Kamisheni ya ngumi ya New York ilimfungia siku hiyohiyo, kabla hajashtakiwa, na majimbo mengine yakaiga. Tarehe 20 Juni jopo la raia, wote wazungu, lilichukua dakika 21 kumtia hatiani. Jaji akampa adhabu ya juu kabisa. Alibaki nje kwa dhamana akisubiri rufaa, lakini pasipoti ilizuiwa. Kwa hiyo hakuweza kupigana ndani wala nje, na riziki ikatoka kwenye hotuba za vyuoni.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Ali wa wakati ule hakuwa mfuasi wa Martin Luther King. Nation of Islam, kundi la Waislamu weusi wa Marekani alilolifuata, ilihubiri weusi wajitenge, King alitaka utangamano. Kilichowakutanisha ni vita: King aliishambulia hadharani katika kanisa la Riverside, New York, Aprili 4 mwaka huohuo. Na Juni 4, mjini Cleveland, wanamichezo weusi wakiwemo Jim Brown, Bill Russell na Lew Alcindor (Kareem Abdul-Jabbar wa baadaye) walimhoji kwa saa kadhaa, wakatoka wakisema wanamwamini.

Leseni aliipata kwa ujanja wa kisheria zaidi ya huruma. Georgia haikuwa na kamisheni ya jimbo, hivyo Oktoba 1970 alipigana na Jerry Quarry mjini Atlanta. New York mawakili walifukua majalada ya kamisheni yenyewe na kukuta imewapa leseni watu zaidi ya 200 waliowahi kutiwa hatiani, wakiwemo wauaji. Jaji Walter Mansfield akaona huo ni upendeleo wa wazi.

Rufaa ya mwisho nusura impeleke jela. Jaji Thurgood Marshall alijitoa, na kura ya kwanza ya majaji wanane ilikuwa 5 kwa 3 dhidi ya Ali. Jaji Harlan, aliyekabidhiwa kuandika hukumu, akabadili msimamo, ikawa 4 kwa 4. Sare ingeacha kifungo kisimame bila maelezo yoyote. Jaji Potter Stewart ndiye aliyepata mwanya: mbele ya mahakama serikali ilikuwa imekubali kwamba imani ya Ali ni ya dini na ni ya kweli, ikabaki kubishania sharti la vita vyote tu. Maana yake ushauri wa Wizara kwa bodi ulikosea katika masharti mawili, na kwa kuwa bodi haikutoa sababu, hakuna anayeweza kujua iliegemea lipi. Hatia ikafutwa Juni 28, 1971, kura 8 kwa 0.

Mkanda haukurudi na hukumu. Alikuwa nao Joe Frazier, aliyemshinda kwa pointi miezi mitatu kabla. Ukitaka kuisoma hukumu, itafute kwa jina la Clay dhidi ya Marekani. Usiishie kwenye hukumu ya mahakama yenyewe, soma na maoni ya Jaji Douglas: yeye ndiye aliyeligusa moja kwa moja suala la jihadi, yaani kama Mwislamu anayekubali vita vya dini tu anahesabika kuwa anapinga vita vyote, ambalo wenzake walilikwepa.