Mama alikataa kukaa mbele

Mchoro wa safari ulikuwa wa mume wangu. Aliupiga kwenye kurasa za katikati za daftari la hesabu la binti yetu mkubwa: Mtwara, Mikindani, Lindi, Nangurukuru, Kilwa Masoko, kisha nukta nukta zikivuka maji hadi Kilwa Kisiwani. Pembeni ya kila jina kaandika saa. Yeye ni mtu wa Moshi, na kama wageni wengi waliohamia kusini wakapapenda, mambo ya huku yanamuuma kuliko sisi wenyeji. "Watoto wamezaliwa pwani hii hii," aliniambia, "halafu Kilwa waisome kitabuni kama mtoto wa Bukoba?"

Ilikuwa Juni 2018, Idd imepita, shule zimefungwa. Mama yangu alikuwa ametoka Nachingwea kuja kututembelea, na aliposikia Lindi inatajwa akazitia kanga zake kwenye mfuko kabla hajaulizwa. Ana mdogo wake Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, hawakuwa wameonana tangu msiba wa mjomba. "Mtanishusha hapo," akasema. Mume wangu akaongeza Kitunda kwenye mchoro, kwa penseli.

Asubuhi akamfungulia mlango wa mbele wa Noah. "Karibu Mama, hapa utanyoosha miguu."

Mama akarudi nyuma hatua moja. Hakumjibu yeye, alinigeukia mimi. "Mwambie baba watoto nitakaa na wajukuu zangu. Mtu na mkwewe wakae bega kwa bega mpaka Lindi, nitauweka wapi uso?"

"Mama anasema atakaa nyuma," nikamwambia mume wangu, ambaye tungeweza kugusana naye kwa mkono.

"Mwambie hamna neno."

Na hivyo ndivyo tulivyosafiri. Kila walichotaka kuambiana kilipitia kwangu, mimi kiti cha mbele, shingo imegeuka. Mama alikaa safu ya kati, kitinda mimba wetu wa miaka mitatu kamwegemea huku, kijana wetu wa miaka sita kamwegemea kule. Mkubwa, miaka tisa, alijitawalia safu ya mwisho pamoja na mabegi, dumu la maji na ndoo ya vitumbua. "Mume wangu, sogea hapa," Mama akamwambia mjukuu wake wa kiume, "hawa wake wenzangu wasije wakakupora." Mwenye usukani alicheka kimyakimya. Utani wa bibi na wajukuu mkwe haruhusiwi kuuchangia.

Mchoro ulisema tuondoke saa kumi na mbili. Tuliondoka saa mbili. Ulisema pia kwamba Mikindani tunapita tu, lakini hata jasho la kupakia mizigo halijakauka, kama kilomita kumi hivi kutoka nyumbani, mdogo akatangaza mkojo.

Tukasimama karibu na maji. Mume wangu si mtu wa kupoteza nafasi. Wakati Mama anamvua mtoto suruali, yeye aliwakusanya wale wawili akawaonyesha Boma kule juu, lile jengo jeupe walilojenga Wajerumani mwaka 1895, halafu akaingia kwa Livingstone: mwaka 1866 aliondokea hapa hapa Mikindani kwenda bara.

"Akarudi?" Mama aliniuliza.

"Anauliza kama alirudi."

"Mwambie hakurudi. Alifia huko mbali, Zambia ya leo, mwaka 1873. Watu wake, kina Chuma na Susi, ndio walioichukua maiti kwa miguu mpaka Bagamoyo."

Mama akamaliza kumfunga mtoto kifungo. "Basi wenye safari ni hao," akasema, na hilo sikulipeleka mbele maana lilishasikika.

Ukishaiacha Mikindani bahari inajificha, unabaki na mikorosho. Juni ni mwezi wa salfa. Wenye mashamba hupulizia asubuhi, kabla upepo haujaamka na majani yangali na umande, ili ule unga ushike na kuukinga mti na ugonjwa wa ubwiriunga. Tulimkuta kijana mmoja kando ya barabara akimalizia mistari yake ya mwisho, mashine mgongoni inanguruma, kajifunga fulana puani, na wingu la manjano limetanda kati ya miti mpaka kwenye lami. Tulipita katikati yake vioo vikiwa wazi. Harufu ya salfa anayeijua anaijua.

"Nani kashuta?" aliuliza mkubwa kutoka nyuma.

Ukazuka ugomvi wa kushutumiana uliodumu vijiji viwili. Mama alipoona hauishi akasema ni yeye. Kimya kikaingia garini, watoto hawajui wacheke au wamwombe radhi, na mume wangu ilibidi apunguze mwendo kwa sababu machozi yalimzuia kuona barabara.

Kona zilipoanza, kijana wetu akageuka rangi. Nilikuwa nimejiandaa na mifuko ya rambo, lakini Mama alishatoa ndimu kwenye pindo la kanga, akaikwaruza kwa ukucha na kumshikia puani. "Vuta. Vuta tena. Mwambie baba watoto asimame penye kivuli." Baba watoto akasimama. Mtoto hakutapika, ila ndimu ikawa kitu cha kugombaniwa, kila mmoja kichefuchefu kikampanda.

Penye kivuli chenyewe kulikuwa na akinamama wanauza ming'oko. Msiotoka kusini, hii ni mizizi ya porini, myembamba, inachimbwa, inachemshwa, inauzwa kwenye masinia kando ya barabara. Enzi za njaa iliokoa watu. Siku hizi ni kitu cha kutafuna safarini, na anayeishi Dar akitumiwa furushi anafurahi kuliko angetumiwa samaki. Mama alikaa juu ya gogo akawafundisha: unaushika mng'oko kwa vidole viwili, unauminya, ganda linateleza lenyewe, kinabaki kijiti cheupe chenye utelezi kidogo, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Mdogo aliuminya wa kwanza ukamruka mkononi, ukatua mchangani. Wa pili pia. Wa tatu ukaingia mdomoni na chumvi ikaingia jichoni. Muuzaji akamwongezea mmoja bure kwa kumhurumia. Kukaa kwetu pale kulichukua karibu saa nzima. Mume wangu alikuwa akiangalia saa, halafu akaangalia mkwewe, halafu akaomba naye apimiwe fungu. Alilila upande wa pili wa gari, kwa heshima.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona ukweli ambao mchoro haukuwa nao. Ukitaka kusafiri na watoto wadogo, beba mzee. Watu wanadhani unajiongezea mzigo, kumbe mahitaji yao ni yale yale: choo mara kwa mara, kitu cha kutafuna, kivuli, usingizi wa mchana. Mimi ningemwambia mtoto avumilie. Mama hawezi kuvumilia mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayevumilishwa. Na dereva, ambaye kwa mtoto wake angesema "bado kidogo", kwa mkwewe hana ubavu.

Mnazi Mmoja, penye njia panda ya Masasi, tulinunua samaki wa kukaanga dirishani na kukata kulia. Tulipoanza kuuona mkono wa bahari unaoingia hadi Mingoyo, Mama akainua uso. Mdogo alikuwa kamlalia, akasema taratibu asimwamshe.

"Huko Mkwaya ndiko ilikokuwa inashukia treni ya kwetu."

Treni? Vichwa viwili vikainuka. Watoto wangu hawajawahi kuona treni, na huku kusini hakuna aliyezaliwa karibuni aliyewahi. Mume wangu aliujua upande wa vitabu: Waingereza na mpango wao wa karanga wa mwaka 1947, Nachingwea ikafyekwa, reli ikajengwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, karanga zikagoma. Mama aliujua upande wa miguu. Alikuwa msichana mdogo. Wakitumwa kuni walikuwa wanatega sikio kwenye chuma, mwenye kusikia wa kwanza anapiga kelele, wote wanakimbilia juu ya kichuguu kuipungia. Dereva mmoja alikuwa anawajibu kwa honi, mwingine hakuwajibu kamwe, na wakampa jina ambalo Mama alikataa kulitaja mbele ya mkwewe.

"Sasa iko wapi?" kijana akauliza.

"Waliing'oa. Uhuru ulikuwa haujafika mbali. Reli, mataruma, vyote."

"Kama jino?"

"Kama jino, mume wangu."

Lindi tulifika jioni badala ya saa tano asubuhi. Gesti tuliyoipata ilikuwa na feni moja na mtoto wa kati aliyekataa kulala mpaka aelezwe habari za dinosaria, kwa sababu baba yake alikosea kumwambia wakati tunakula mihogo pale ufukweni. Alimwambia kwamba mnyama mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, mita 13 na ushei, alifukuliwa huko Tendaguru, bara kidogo ya mji huu, kati ya mwaka 1909 na 1913. Mifupa ikashushwa Lindi vichwani mwa wapagazi, ikapakiwa melini, na mpaka leo amesimamishwa Berlin.

"Twende tukamuone."

"Yuko Ujerumani, baba."

"Nani alimruhusu?"

Swali hilo lilijibiwa kwa kuzima taa.

Asubuhi tukavuka kwenda Kitunda kabla upepo wa kusi haujachafua maji. Mashua ya mashine, watu, baiskeli mbili, magunia, kuku. Mama hakuwa amevuka maji kwa miaka mingi. Alishika ukingo kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine, bila kufikiri, akashika mkono wa shati la mume wangu. Nadhani wote wawili waligundua tukiwa katikati. Hakuna aliyetikisika mpaka mashua ikagusa mchanga, ndipo Mama akauachia ule mkono na kuninong'oneza: "Mwambie ahsante."

Mama mdogo alikuwa pwani anatusubiri, maji ya magotini, kanga kaikunja kibwebwe. Wale dada wawili hawakukumbatiana kwanza. Walianza kugombana juu ya nani kazeeka zaidi. Kisha mama mdogo akamwona kijana wetu. "Huyu ndiye mume wetu?" Akamshika mkono akaondoka naye, na kwa kweli hatukumpata tena. Ilikuwa siku za bamvua. Maji yalipokupwa, pwani ikafunguka mbali mno, na akinamama wa Kitunda wakaanza kushuka na vijiti vyao kwenda kuchokoa pweza. Saa nne tulipokuwa tunatakiwa kuwa barabarani kuelekea Kilwa, kijana alikuwa kidoti kule kwenye miamba, kashika mchokoo mrefu kuliko yeye.

Mume wangu akautoa mchoro mfukoni, akautazama. "Mwambie Mama, je, kijana anaweza kubaki naye mpaka turudi?"

"Mwambie nilikuwa namsubiri aombe," Mama akajibu.

Kilwa tulifika tukiwa wanne. Sitaieleza sana. Inastahili safari yake yenyewe, na mtu aliyembeba mtoto mgongoni kuanzia kwenye boti hadi Husuni Kubwa, magofu ya ikulu ya sultani, hawezi kudai ameiona. Msikiti Mkuu wenye kuba zake uliniziba mdomo, hilo nalisema. Mume wangu alikuwa na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa, na mwaka wake wa 1331, na alikuwa na furaha ya mtu aliyelipiwa deni. Binti mkubwa alisimama muda mrefu juu ya lile birika la pembe nane la ikulu, lililo kavu, akamuuliza mtembezaji kama watoto wa sultani walikuwa wanaruhusiwa kuogelea humo au lilikuwa la watu wazima tu. Mtembezaji alifikiri, akasema kwa miaka yote ya kazi yake wageni humuuliza habari za dhahabu.

Tuliporudi Kitunda tulimkuta kijana ameiva kwa jua, magoti yamechubuka kwa matumbawe, anatembea kama ana shamba pale. Alikuwa na ndoo yenye kifuniko. Ndani yake pweza, wa kwake, amemchokoa mwenyewe (mama mdogo alinikonyeza), ameshapigwa na kuanikwa nusu. Mume wangu alianza kusema kuhusu harufu na mwendo wa kilomita mia na kitu.

"Mwambie baba watoto," Mama akaanza.

"Nimesikia, Mama," akasema mume wangu moja kwa moja, na kuipakia ndoo.

Tulikuwa tumepita Mnazi Mmoja, vioo vyote vimeshushwa, mkubwa alipoanza kumsimulia mdogo wake alichokikosa: ikulu juu ya jabali, birika lenye pembe nane, sultani tajiri kuliko wote pwani nzima.

"Kulikuwa na pweza?" kijana akauliza.

"Hapana. Limekauka."

"Aa," akasema, na kusogeza mguu ndoo isipinduke.