Likifika 75 linavuma: nilivyoukamata mtetemo wa mkonga wangu

Gari langu ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, zile tunazoziita mkonga, enjini 1HZ ya dizeli, lita 4.2. Kazi yake ni asali. Msimu ukifika nashinda Kaliua, Usinge na vijiji vya ndani huko Sikonge, nakusanya ndoo za lita 20 na kuzileta Tabora mjini. Njia za huko hazikuruhusu kukimbia, ndiyo maana ugonjwa wenyewe nilichelewa kuujua. Ukiwa kilomita 40 au 50 kwa saa limetulia kama maji ya mtungini. Ukishika lami, mshale ukagusa 70, vifuniko vya ndoo vinaanza kulia kule nyuma kama nyenje. Kati ya 75 na 85 kiti kinavuma, usukani unacheza, na kwenye kioo cha pembeni lori moja unaliona mawili. Ukipita 90 kunapoa.

Nilizunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema tairi, nikanunua mbili mpya. Wa pili akasema shokapu, nikabadilisha za mbele. Wa tatu akaegemea boneti, akasikiliza enjini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, na gari limesimama (limesimama, jamani!), akasema ni maunti, ile mipira inayoshikilia enjini. Hapo nilikuwa nimeshateketeza zaidi ya laki sita na nyenje bado wanalia.

Ndipo shemeji yangu akanipeleka kwa mzee mmoja Ng'ambo, fundi aliyestaafu zamani.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, mwanangu. Linaumwa nini?"

"Linatetemeka, mzee."

"Tangu lini?"

"Likifika 75."

"Hiyo ni spidi. Mimi nauliza siku."

Sikuwa na jibu. Wala hakulifunua boneti. Aliniambia niende barabara ya Nzega asubuhi, kabla malori hayajawa mengi, nikahesabu.

Kuhesabu maana yake ni hii. Tairi za 7.50R16 zikizunguka mara moja gari limesogea kama mita mbili na nusu. Ukiwa 80 kwa saa, tairi linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Propela yenyewe, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi, kwa sababu ya difu (meno ya kwenye ekseli yanayopunguza mizunguko), inazunguka mara nne na kidogo kila tairi linapozunguka mara moja, yaani kama mara 36 kwa sekunde. Kwa hiyo tairi au rimu yenye kasoro inakutikisa. Unaweza karibu kuyafuata mapigo yake kwa kidole. Propela haitikisi, inavuma. Mzee aliniambia niweke chupa ya maji nusu sakafuni: maji yakiyumba, tazama magurudumu, yakifanya viduara vidogo vidogo juu, tazama kinachozunguka haraka.

Kijana wangu akaishika chupa kati ya miguu yake, mimi nikakanyaga mafuta kuelekea Isikizya. Kwenye 75 akapiga kelele: "Bosi, yote mawili!" Maji yalikuwa yanayumba na juu yake yana viduara. Nilikuwa natafuta ugonjwa mmoja kumbe yako mawili, na ndiyo maana hakuna dawa iliyowahi kuonekana imefanya kazi.

La kwanza liliisha kwa aibu. Tulisimama pembeni, nikapitisha mkono upande wa ndani wa rimu ya mbele kushoto. Tope. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa Usinge, umekauka kama tofali upande mmoja tu wa rimu. Niliubandua kwa bisibisi, ukatoka kipande kinachojaza kiganja. Tairi zilibalansiwa mjini, ndiyo, lakini wiki hiyo hiyo nilirudi porini na kujaza tope upya. Tuliporudi barabarani usukani ulitulia na maji yakaacha kuyumba. Viduara vilibaki.

Sasa kujua vinatoka wapi. Nikiwa 80 gia ya tano nilishuka hadi ya nne, spidi ile ile. Enjini ikapandisha sauti, mtetemo haukubadilika hata chembe. Kisha mahali palipo tambarare na peupe, mbele na nyuma hakuna gari, nikatoa gia nikaacha litembee lenyewe huku enjini ikiwaka. Usizime swichi kwa jaribio hili, breki zitakuwa ngumu na usukani utakutoa jasho. Enjini ikarudi sailensa, vumo likabaki pale pale mpaka tuliposhuka 70. Basi si enjini, si klachi, na yule wa maunti alikula hela yangu bure. Propela ya mbele nayo haikuwa na kesi: hab za mbele, vifungio vya magurudumu ya mbele, zilikuwa FREE, yaani zimeachia, na sikuwa nimeingiza foo wili (kuendesha magurudumu yote manne), kwa hiyo ilikuwa haizunguki kabisa. Vumo nililisikia makalioni, si mikononi. Imebaki propela ya nyuma.

Jioni nilifungua daftari langu la asali, ambalo pia naandikia matumizi ya gari, nikitafuta siku aliyoiuliza mzee. Kurasa tatu kabla ya safari ya kwanza ya nyenje niliona mwandiko wangu mwenyewe: "krosi 2 nyuma + ufundi," yaani vile viungo vya msalaba vya kila mwisho wa propela. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Kesho yake mzee alilala chini ya gari kwenye gunia, na umri wake ule. Kwanza alinifanya niweke mawe magurudumu yote manne, maana ukishatoa propela ya nyuma, gia haishiki tena magurudumu. Alizishika krosi akazitikisa: mpya, hazina mchezo. Kisha akaniita nami nilale. "Tazama masikio."

Propela imegawanyika vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, ili irefuke na kufupika springi zinapopanda na kushuka. Kila mwisho una masikio mawili yanayoshika krosi. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ya pili, upande wa difu, kazi yake ni kuifuta kasoro ya mwenzake, lakini inaweza tu kama masikio ya huku na ya huku yamekaa mstari mmoja. Yangu hayakuwa mstari mmoja. Niliweka kidole juu ya sikio la mbele, nikapeleka jicho hadi la nyuma, likawa limekwepa, kama mtu aliyefunga kifungo cha shati kwenye tundu la jirani. Aliyebadilisha krosi aliichomoa propela katikati bila kuweka alama, akairudisha meno mawili pembeni. Kwa spidi ndogo husikii kitu.

Tulifungua nati, tukaichomoa, tukaipangusa grisi, tukairudisha masikio yakitazamana. Kabla ya kufunga nilipita mstari juu ya maungio kwa rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, kwa sababu rangi ya kawaida sikuwa nayo. Aliuliza jioni chupa yake imeenda wapi.

Mzee alikataa hela, akachukua chupa mbili za asali ya nyuki wadogo na kuniagiza nipige grisi kwenye krosi kila ninaporudi kutoka kwenye maji.

Nililijaribu mpaka Puge nikiwa na ndoo tupu ishirini nyuma: 75, 80, 85, vifuniko kimya, lori moja ni lori moja. Kwenye 95 bado kuna kitetemo kidogo, cha taratibu, cha makalioni, kwa hiyo ni gurudumu la nyuma. Nimegundua rimu moja imepinda ukingoni, nimeihamishia kwenye spea. Nikiwa na asali ndani 95 siifikii.